Kutoka Penda hadi Pendana: Mapenzi ya Binadamu na Kiumbe wa Sayari Nyingine katika Bunilizi za Kisayansi

Katika vikao vingi vya fasihi, hadithi inayosimulia mapenzi kati ya binadamu na kiumbe wa sayari nyingine huzua kicheko kabla haijazua swali. Hata miongoni mwa wanafunzi wa Kiswahili, ambao wamelelewa na ngano za mazimwi na majini, mtu akitaja hadithi ya namna hiyo huambiwa kwamba ameiacha fasihi na kuingia katika porojo za filamu za Marekani. Kicheko hicho kina hoja ndani yake, nayo ni hoja ya ukubalifu: msomaji hawezi kushawishika kwamba jambo kama hilo linawezekana, na kisichoshawishi hakiwezi kuwa sanaa nzuri. Hoja hiyo inastahili kujibiwa kwa uzito wake. Jibu linalotetewa hapa ni kwamba wanaocheka wanautafuta ukubalifu katika maabara, ilhali unapatikana katika sarufi. Na kwa bahati njema, sarufi ya Kiswahili inao mnyambuliko mmoja unaolieleza jambo hili kwa ufupi kuliko lugha nyingi.

Hata hivyo, maabara na ianze, kwa kuwa ndiyo inayotajwa sana. Biolojia iko upande wa wanaocheka, na hakuna haja ya kubisha. Farasi ana kromosomu 64, punda ana 62. Mtoto wao, baghala, huzaliwa na kromosomu 63 na aghalabu huwa tasa. Hao ni jamaa wa karibu, waliolisha katika dunia moja na kunywa maji ya aina moja. Binadamu na sokwe walitengana miaka milioni kadhaa iliyopita, na hakuna chotara wao anayejulikana. Je, itakuwaje kwa kiumbe ambaye chembe hai zake zilianza katika bahari nyingine, chini ya jua jingine? Hana sababu ya kuwa na DNA hata kidogo, na akiwa nayo hana sababu ya kuisoma kwa utaratibu ule ule wa viumbe wa duniani. Mwanaastronomia Carl Sagan alilikejeli jambo hili katika kitabu chake Broca's Brain cha mwaka 1979. Alikuwa akimzungumzia Spock, mhusika wa mfululizo wa televisheni wa Star Trek ulioanza mwaka 1966, ambaye mama yake ni binadamu na baba yake ni mzawa wa sayari ya Vulcan. Kwa maoni ya Sagan, uwezekano wa uzazi wa namna hiyo ni mdogo mno kuliko ule wa uzazi wa mtu na mmea wa artichoke.

Waandishi wa Star Trek wenyewe walilijua tatizo hilo. Mwaka 1993, katika sehemu moja ya mfululizo uliofuata, walibuni maelezo kwamba kizazi fulani cha kale kilipanda mbegu zake katika sayari nyingi, ndiyo maana viumbe wengi wa angani wana macho mawili, mikono miwili na pua moja. Maelezo hayo yaliwaokoa wapaka rangi na washona mavazi zaidi ya yalivyoiokoa sayansi.

Lipo jambo moja ambalo biolojia yenyewe imeliongeza tangu enzi ya Sagan, na si haki kulificha. Mwaka 2010 kundi la watafiti lililoongozwa na Svante Pääbo, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2022, lilichapisha mfuatano wa jeni za Neanderthal, jamii ya watu waliotoweka makumi ya maelfu ya miaka iliyopita. Ilibainika kwamba watu wenye asili ya nje ya Afrika wanabeba takriban asilimia 1 hadi 2 ya jeni kutoka kwa jamii hiyo. Kwa maneno mengine, mababu wa watu wa leo walikutana na watu wasiokuwa kama wao, waliotengana nao kwa mamia ya maelfu ya miaka, nao wakazaa. Kama walipendana, mifupa haisemi. Hapo ndipo sayansi inapofika ukingoni: inaweza kuthibitisha uzazi bila ya kuthibitisha mapenzi, na kwa hivyo inaweza pia kukanusha uzazi bila ya kuyagusa mapenzi. Wako wana wa Adamu wengi waliopendana maisha yao yote pasi na kujaliwa mtoto, na hakuna mhakiki aliyewahi kudai kwamba mapenzi yao hayakubaliki.

Sasa sarufi. Kitenzi 'penda' kina mtenda mmoja. Mtu hupenda nyumba, hupenda embe, hupenda sauti ya bahari, nyumba haijibu. Kitenzi 'pendwa' humfanya yule wa pili kuwa mpokezi tu. Lakini kiambishi '-an-' kikiingia, pande zote mbili huwa watenda kwa wakati mmoja, na kila upande huwa pia mtendwa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufundishwa kauli ya kutendana kwa mifano ya 'pigana' na 'salimiana', akaifanyia mtihani na kuisahau. Ingefaa asiisahau, kwa sababu ni kipimo kizuri cha uhakiki. Hadithi ya mapenzi ya binadamu na mgeni wa angani inashawishi pale inapomwezesha msomaji kuamini '-an-'. Na inashindwa pale ambapo mgeni huyo ni embe lililochorwa macho.

Wasimulizi wa jadi walikielewa kipimo hiki bila ya kukipa jina. Chukua kisa cha Nyamgondho mwana wa Ombare, kinachosimuliwa na Waluo wa Gwassi kandokando ya Ziwa Viktoria. Nyamgondho alikuwa mvuvi fukara. Siku moja nyavu zake zilinasa mwanamke kutoka ziwani, akamchukua nyumbani, naye mwanamke huyo akamletea ng'ombe na mali isiyohesabika. Utajiri ulipomlevya, na pombe nayo ikamlevya, alimtukana mkewe kwa kumkumbusha alikotoka. Mwanamke alirudi ziwani, na mifugo yote ikamfuata majini. Nyamgondho alisimama ufukweni akishangaa hadi akageuka mti, na hadi leo watu wa Nyandiwa huwaonyesha wageni mahali hapo. Hadhira ya kisa hiki haikuuliza mwanamke wa ziwani alipumuaje nchi kavu. Iliuliza kama Nyamgondho angeweza kumheshimu mtu ambaye asili yake haijui. Alipomgeuza mkewe kuwa samaki aliyevuliwa, '-an-' ilikatika, na ndoa ikaisha pale pale.

Upo pia mfano wa kinyume, unaopatikana katika ngano za Wakikuyu na Wakamba: msichana anayewakataa wachumba wote wa kijijini na kumfuata kijana mzuri kutoka mbali, kumbe kijana huyo ana kinywa cha pili kisogoni. Hapo hapana mapenzi, pana windo. Zimwi linajua kila kitu na msichana hajui lolote. Ngano hiyo inashawishi sana, ila inashawishi kama hadithi ya hofu.

Katika pwani ya Waswahili suala hili lilikuwa na sura ya kisheria. Wanazuoni wa Kiislamu walijadili kwa karne nyingi iwapo ndoa kati ya mtu na jini inajuzu. Wengi waliikataza, wakitegemea aya zinazoeleza kwamba Mwenyezi Mungu amewaumbia watu wenzi kutokana na nafsi zao wenyewe, yaani wa jinsi moja nao. Imepokewa kwamba Imam Malik aliichukia ndoa hiyo kwa sababu nyingine kabisa: alihofia kwamba mwanamke akikutwa na mimba angeulizwa mumewe ni nani, akajibu kuwa ni jini, na ufisadi ukaenea. Sababu hii ni ya kupendeza kwa mhakiki wa fasihi. Haisemi kwamba ndoa hiyo haiwezekani. Inauliza ni nani atakayeshuhudia, ni nani atakayewajibika, na upande wa pili utaitwa vipi mbele ya kadhi. Hayo ni maswali ya '-an-'.

Tukio ambalo wahakiki wengi hulitaja kuwa mwanzo wa mapenzi ya namna hii katika bunilizi za kisayansi za Marekani ni kuchapishwa kwa hadithi ya The Lovers ya Philip José Farmer, katika jarida la Startling Stories, mwaka 1952. Kabla ya hapo, majarida ya aina hiyo yaliwachora wasichana wakibebwa na madubwana katika majalada, lakini ndani yake mapenzi ya kimwili yalikuwa mwiko. Wahariri wawili wenye sifa, John W. Campbell na H. L. Gold, waliikataa hadithi hiyo. Ilipochapishwa, ilimpatia Farmer tuzo ya mwandishi chipukizi katika tuzo za kwanza za Hugo, mwaka 1953.

Mhusika mkuu, Hal Yarrow, ni mtaalamu wa lugha aliyekulia katika dola ya kidini inayochunguza hata kitanda cha mume na mke. Anatumwa katika sayari ya Ozagen, anakutana na Jeannette, mwanamke aliyejificha magofuni, na wanaanza kuishi pamoja kwa siri. Jeannette ana kila dalili ya kuwa binadamu. Ukweli ni kwamba anatoka katika jamii ya viumbe wa ukoo wa wadudu waliojifinyanga kwa mfano wa binadamu kwa muda mrefu, na wote ni wa kike. Mmoja wao akishika mimba hufa, na watoto humla mama. Kinachomkinga Jeannette ni kileo anachokunywa kila siku. Hal, ambaye amefunzwa kuuchukia ulevi, anambadilishia kinywaji hicho kwa siri kwa nia ya kumponya. Jeannette anashika mimba, anakufa.

Inafaa kukaa kidogo kwenye kinywaji hicho. Wengi huisifu The Lovers kwa sababu Farmer alijitahidi kutoa maelezo ya kibiolojia yanayoeleweka, naye kweli alijitahidi. Lakini maelezo ya wadudu waigaji yangeweza kuondolewa, mauti ya Jeannette yakabaki na uchungu ule ule, kwa maana mauti hayo yanatokana na kosa la kawaida kabisa la wapendanao. Jeannette hakumwambia Hal yeye ni nani, kwa kuogopa kuachwa. Hal hakumwambia Jeannette amemwekea nini katika kikombe, kwa kuamini kwamba anajua lenye heri kwake. Kila mmoja alipenda. Katika hatua ile ya mwisho hawakupendana, kwa kuwa kila mmoja alitenda gizani. Msomaji wa Lamu au wa Bungoma, ambaye hajawahi kuota ndoto ya Ozagen, humwamini Hal katika tendo hilo, na akishamwamini katika hilo humwamini katika mengine.

James Tiptree, Jr., jina la kalamu la Alice Sheldon, aliuchukua upande wa pili wa jambo hili katika hadithi fupi ya mwaka 1972 yenye jina refu, And I Awoke and Found Me Here on the Cold Hill's Side. Humo binadamu wanawatamani wageni wa angani hadi kujiharibu, na wageni hawana haja nao. Ni hadithi ya 'penda' bila '-an-', na mwandishi anajua hivyo. Ndiyo maana inatisha.

Mwandishi aliyelifikisha suala hili mbali kuliko wote ni Octavia Butler, Mmarekani mweusi aliyeishi kati ya mwaka 1947 na 2006. Hadithi yake fupi ya Bloodchild, iliyochapishwa mwaka 1984 na kushinda tuzo za Hugo na Nebula, inapaswa kusomwa na kila anayedhani kwamba mapenzi ya namna hii ni mchezo wa watoto. Binadamu waliokimbia mateso duniani wamepata hifadhi katika sayari ya Watlic, viumbe wakubwa wenye miguu mingi na mwili wa pingili mfano wa jongoo. Watlic hutaga mayai yao ndani ya miili ya wanyama wengine, na wamegundua kwamba mwili wa binadamu ndio unaowafaa zaidi, na aghalabu huwachagua wanaume. Gan, kijana wa familia mojawapo, aliahidiwa tangu kuzaliwa kwa T'Gatoi, afisa wa ngazi ya juu anayesimamia hifadhi ya binadamu na rafiki wa zamani wa mama yake. Amelelewa mikononi mwa T'Gatoi, au tuseme miguuni mwake, kwa maana anayo mingi.

Usiku mmoja analetwa mwanamume ambaye mabuu ndani yake yameanza kuanguliwa kabla mwenyeji wao hajafika. T'Gatoi analazimika kumpasua ili kumwokoa, na Gan anashuhudia kila kitu. Butler hamfichi msomaji damu wala kilio. Baada ya hapo Gan anachukua bunduki ambayo sheria inawakataza binadamu kuwa nayo, anaielekeza kwenye kidevu chake mwenyewe, na anamuuliza T'Gatoi maswali ambayo hakuna binadamu aliyezoea kuyauliza. T'Gatoi anaweza kumwendea dada yake Gan, ambaye yuko radhi. Gan anakataa, atalibeba yeye. Lakini anaweka sharti: bunduki ibaki nyumbani. Iwapo binadamu ni wenzi wa Watlic, wala si mifugo yao, basi T'Gatoi naye akubali kuishi na hatari, kama Gan anavyoishi nayo. T'Gatoi anakubali.

Uzito wa Bloodchild wote umo katika bunduki ile. Kabla ya sharti hilo, kila neno zuri ambalo T'Gatoi amewahi kumwambia Gan linaweza kusomwa kama maneno ya mfugaji kwa ndama anayempenda. Baada ya sharti hilo, kuna watenda wawili chumbani. Hawako sawa: T'Gatoi ana dola nyuma yake na Gan ana silaha moja ya kuficha. Butler haudanganyi umma kwamba usawa umepatikana. Anachoonyesha ni kwamba '-an-' inaweza kuanza hata pasipo usawa, mradi mwenye nguvu akubali kuweka kitu cha thamani mezani. Pana methali ya Kiswahili inayosema kuwa zimwi likujualo halikuli likakwisha, na mara nyingi methali hiyo hutumika kwa mzaha. Ukiisoma kando ya Bloodchild, mzaha unapungua. T'Gatoi anamjua Gan tangu siku aliyozaliwa. Mabuu yake ni ya kula nyama. Na hoja yote ya hadithi ni iwapo kule kujuana kunatosha kuzuia kuliwa.

Wako waliosema kwamba hadithi hiyo ni sitiari ya utumwa. Butler mwenyewe aliikanusha tafsiri hiyo katika maelezo aliyoyaambatisha kwenye mkusanyiko wake wa mwaka 1995, akisisitiza kwamba ni hadithi ya mapenzi kati ya viumbe wawili waliotofautiana mno. Mhakiki halazimiki kumtii mwandishi, bila shaka. Lakini katika jambo hili mwandishi ana haki, maana mtumwa hakuwahi kuulizwa kama bunduki ibaki au iondoke.

Kinachoithibitisha hoja hiyo ni riwaya ya Butler mwenyewe ya Dawn, iliyotoka mwaka 1987, ambapo mambo yanakwenda kombo. Lilith Iyapo anaamka ndani ya merikebu ya Waoankali, karne mbili na nusu baada ya vita vya nyuklia kuiangamiza dunia. Waoankali wamewaokoa waliobakia, wamewatibu, na Lilith mwenyewe wamemponya saratani. Wana jinsia tatu. Ya tatu huitwa ooloi, na ndiyo inayochanganya jeni na kuwaunganisha wenzi kwa raha ambayo binadamu hawakuwahi kuijua. Wanaitaka mbegu ya binadamu kwa sababu kubadilishana jeni ndiyo maisha yao. Kila wanachokitoa ni kizuri. Hata hivyo, mwisho wa riwaya Lilith anaambiwa kwamba ni mjamzito, na kwamba ooloi aitwaye Nikanj ndiye aliyeamua wakati umefika, kwa kuwa mwili wake ulitaka ingawa kinywa chake kilikuwa hakijasema ndiyo. Nikanj anampenda Lilith. Riwaya haina shaka kuhusu hilo. Wala haina shaka kwamba Lilith ana hisia kwake. Na bado msomaji anaifunga riwaya akiwa na ghadhabu, na anapaswa kuwa nayo. Mwenye kujua mwili wa mwenzake kuliko mwenzake anavyoujua ana kishawishi kikubwa cha kulipuuza neno lake, na hakuna anayehitaji kwenda angani ili kukutana na kishawishi hicho. Majumba ya mahakama nchini Kenya yamejaa watu waliodai kwamba mwili ulisema ndiyo.

Hapo basi kuna jambo la kweli lililo hatarini katika hadithi hizi. Msichana wa chuo kikuu anayesoma Dawn hajifunzi chochote kuhusu sayari nyingine. Anajifunza kuitambua sauti ya mtu anayemtakia heri bila ya kumsikiliza.

Baadhi ya wahadhiri huuliza ni kipi katika haya kinachokihusu Kiswahili. Fasihi ya Kiswahili imekwishapiga hodi katika nyumba hii. Katama Mkangi, katika riwaya yake ya Walenisi ya mwaka 1995, alimtoa mhusika wake Dzombo duniani kwa chombo cha angani na kumfikisha katika nchi ambayo jina lake linaficha sentensi nzima: wale ni sisi. Kwa Mkangi, aliyekuwa akiandika kuhusu uhuru na udhalimu, sentensi hiyo ilikuwa sahihi na ya ujasiri. Kwa mwandishi wa mapenzi ina hatari yake. Wale wakiwa ni sisi kabisa, hakuna mgeni aliyebaki wa kupendwa. Amebaki jirani aliyepakwa rangi ya buluu. Ndiyo kasoro ya filamu ya Avatar ya mwaka 2009, ambamo Jake Sully hampendi Neytiri hadi apewe mwili unaofanana na wake. Mapenzi hayo hayakugharimu kuvuka chochote, kwani mpaka uliondolewa kwa mtambo. Mwandishi wa Kiswahili atakayejaribu uwanja huu atahitaji sentensi iliyo ngumu zaidi ya ile ya Mkangi: wale si sisi, na bado tunaitana.

Lugha yenyewe itamsaidia mahali ambapo Kiingereza kiliwakwamisha wengine. Ursula Le Guin, katika The Left Hand of Darkness ya mwaka 1969, alibuni watu wa sayari ya Gethen ambao si wa kiume wala wa kike isipokuwa kwa siku chache za kila mwezi. Kiingereza kilimlazimisha kuchagua kiwakilishi, naye akachagua cha kiume. Alilaumiwa kwa hilo, akajitetea katika insha ya mwaka 1976, kisha mwaka 1987 akaichapisha upya insha ile ile akiyapinga baadhi ya maneno yake mwenyewe. Tatizo hilo lote lisingezuka katika Kiswahili, ambamo 'yeye' haiulizi mtu ana maumbile gani. Genly Ai na Estraven wangeivuka barafu ile ndefu, wakiwa peke yao hemani, wakaamua kutoguswa na mapenzi ya mwili ili yale mengine yadumu, na msomaji wa Kiswahili asingesumbuliwa na kiwakilishi kinachompotosha kila mstari. Estraven anapomsikia Genly akinena ndani ya akili yake, humsikia kwa sauti ya nduguye aliyekufa. Watu wa Gethen, ni kweli, wana asili moja na binadamu, na kwa hivyo mkali wa istilahi angewatoa katika mjadala huu. Lakini hakuna ukurasa wa Dawn wala wa The Lovers unaoonyesha umbali baina ya wawili kwa uchungu kama ule.

Kwa upande mwingine, Kiswahili kitamkwamisha mwandishi pale ambapo Kiingereza hakikwami. Ni nani atakayeoa na ni nani atakayeolewa? Gan ndiye atakayebeba. Je, ameolewa na T'Gatoi? Watlic wangecheka swali hilo, na pengine kicheko chao kingekuwa na faida. 'Kuoana' ipo, ingawa hadi sasa hutumiwa zaidi katika sheria na magazeti kuliko katika barua za posa.

Na kuna upatanisho wa kisarufi, ambao ndio hazina kubwa kuliko zote. 'Zimwi' linaweza kusemwa kwa 'li-', kama methali inavyofanya, na linaweza kuingizwa katika ngeli ya A-WA. 'Kiumbe' kinaweza kuwa hiki, na anaweza kuwa huyu. Mfasiri wa Dawn atakapofika pale Lilith anapomwona Jdahya kwa mara ya kwanza, mwili wake umejaa minyiri inayojongea na Lilith hawezi kumtazama, ataandika 'kile kiumbe kilisimama'. Kurasa kadhaa baadaye, Lilith anapoweza kuukaribia mwili ule bila ya kutetemeka, ataandika 'yule kiumbe alisimama'. Hatakuwa ameongeza neno lolote la hisia, na wasomaji wengi hawatajua ni wapi hofu iliposhuka. Katika Bloodchild kazi ni ngumu zaidi, kwa sababu Gan amemjua T'Gatoi tangu utotoni, na kwake yeye ni 'a-' tangu sentensi ya kwanza. Baada ya upasuaji, jikoni, bunduki ikiwa chini ya kidevu, inawezekana kabisa kwamba anamwona kwa mara ya kwanza kama jitu, na kwamba 'li-' inapenya katika usimulizi wake pasipo yeye kutaka. Mfasiri atakuwa na nafasi ya sentensi chache tu za kuirejesha 'a-' mahali pake, kabla T'Gatoi hajakubali bunduki ibaki.